Plota ya stika: Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia

Vijana wengi wa Rungwe wanaitolea macho mashine ya kukatia stika. Dili lipo, tena bomba, lakini ukiingia kichwa kichwa mtaji wote unakwenda na maji.

Wiki hii tunapanda milima, tunaingia Tukuyu, mji wa mvua, migomba na chai, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Ukifika stendi pale, acha kidogo kuangalia abiria, angalia vioo. Noah moja imeandikwa "Kyala" nyuma, yaani Mungu kwa Kinyakyusa. Coaster ina jina la mama wa mwenye gari. Bodaboda ina mbwembwe zake kwenye tangi. Saluni imebandikwa mkasi mlangoni, duka la dawa lina msalaba wa kijani, na wakala wa pesa kazungukwa na maandishi kila upande.

Kila herufi unayoiona hapo kuna mtu kalipwa. Ndo maana kijana aliyemaliza shule, mwenye laptopu yake na macho ya kupanga rangi, akikaa kijiweni anapiga hesabu: "Mimi nikipata plota, nimetoka." Mtaji unaanza kusakwa. Mama anatoa hela ya viazi, mjomba anaongeza ya parachichi, kilichobaki kinakopwa kwenye kikoba. Halafu linatokea tangazo kwenye simu: mashine ya stika, pana kama mlango, bei chee, tunatuma mikoani.

Hapo hapo, mshikaji, shika breki! Pesa hiyo si ya kwako peke yako. Ni ya ukoo mzima. Kabla hujaituma, soma haya mpaka mwisho.

KWANZA IJUE KAZI YAKE

Kuna watu wananunua plota wakidhani inachapa picha. Aisee, hiyo ni kasheshe ya kwanza. Plota ya stika haina wino. Ina kisu kidogo chenye ncha kama sindano, kinachozunguka na kukata ngozi ya juu ya stika bila kutoboa karatasi ya chini. Rangi unayopata ni ile ya roli uliyoweka. Nyekundu inatoka nyekundu, basi.

Ukishakata, unabandua mabaki kwa mkono, unaweka tepu ya kuhamishia juu yake, halafu unakwenda kubandika kwenye kioo au bati. Kampuni ya Gerber ya Marekani ndiyo iliyofungua njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo utaratibu ni ule ule.

Kwa hiyo mteja akija anataka bango la harusi lenye sura ya bibi na bwana harusi, plota peke yake haikusaidii. Hiyo ni kazi ya mashine kubwa ya kuchapa, nayo bei yake ni ya kukutoa jasho. Wengi wa miji midogo wanatengeneza mchoro wenyewe, wanautuma mjini ukachapwe, wao wanachukua faida ya katikati. Kwa Tukuyu, mjini maana yake Mbeya, kilomita kama 70 hivi. Si mbali, lakini si jirani.

DAFTARI KABLA YA MASHINE

Swali la plota ipi nzuri huwezi kulijibu kabla ya kujua utakuwa unakata nini. Dawa ni daftari la shilingi mia chache. Kwa wiki mbili pita Tukuyu mjini, Kiwira, Ushirika mpaka Katumba. Andika kila kibao, kila kioo na kila bodaboda unayoiona ina stika. Pima kwa macho: herufi zina urefu gani? Bango lina upana gani? Waulize wenye maduka walitengenezea wapi na walisubiri siku ngapi.

Utagundua kitu. Kazi nyingi ni ndogo ndogo. Jina la kioo cha nyuma, namba ya simu ya fundi, bei za saluni, jina la kwaya kwenye spika, namba za milango ya shule. Karibu zote zinaingia kwenye upana wa sentimita 60. Na stika zenyewe zinakuja kwa roli za sentimita 61 au 122, hivyo roli pana unaweza kuikata nusu kwa nusu ukaitumia kwenye mashine ndogo.

Ikitokea herufi kubwa ya ukutani, programu inaigawa vipande, unavikata kimoja kimoja na kuviunganisha wakati wa kubandika. Anayepita barabarani hajui kama kuna kiungo. Mashine ya mita 1.2 inataka chumba kikubwa, meza ndefu na roli za bei. Kwenye fremu ya kupanga yenye upana wa hatua tatu, utaiweka wapi? Hiyo muachie mwenye kazi za uhakika za malori yanayoteremka kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi.

Hapa kuna mtego. Mashine nyingi za Kichina zinaandikwa "720". Ukisikia hivyo unadhani inakata milimita 720. Hapana bwana! Mara nyingi huo ni upana wa roli inayoweza kupita. Kisu chenyewe kinafika kama milimita 630. Muulize muuzaji maswali mawili tofauti: roli ya upana gani inaingia, na kisu kinakata upana gani. Akijikanyaga, ujue yeye mwenyewe haijui bidhaa yake.

MOTA NDIYO ROHO

Plota zote kwa mbali zinafanana kama mapacha. Tofauti iko tumboni, kwenye mota. Kuna mota ya stepa na mota ya sevo.

Stepa inakwenda kwa hatua. Kompyuta inaiambia "piga hatua elfu moja", inapiga, lakini haina njia ya kurudisha jibu kwamba zimefika zote. Roli ikinasa kidogo, hatua zinapotea, na mashine inaendelea kukata kama hakuna kilichotokea. Jina linatoka limepinda. Pia ina kelele. Faida yake ni bei, na mashine nyingi za bei chee zinatumia mota hiyo.

Sevo inajikagua. Ina kifaa kinachohesabu imefika wapi, ikipotea inajisahihisha. Ni kimya, ina kasi, na herufi ndogo zinatoka safi. Mfano ni GS-24 ya Roland DG ya Japani, kampuni iliyoanzishwa 1981 na watu wale wale wa vinanda vya Roland unavyoviona kanisani. GS-24 yenyewe ilitoka 2012, inakata upana mpaka milimita 584, nguvu ya kisu ikifika gramu 350. Mjapani mwingine ni Graphtec, mwenye CE7000-60 inayokata milimita 603 kwa nguvu ya hadi gramu 450. Hizi ni mashine za kazi, na bei yake nayo ni ya kazi.

Je, stepa ni takataka? Sio hivyo. Kwa herufi za sentimita tano kwenda juu na mistari isiyo mirefu, stepa iliyofungwa vizuri inakulipa. Ila ukitaka kukata maandishi madogo ya lebo za chupa za asali, au mstari wa mita tatu wa ubavu wa basi, ndipo utakapojua kwa nini wenzako walilipa zaidi.

VIPIMO VITANO KABLA YA KUTOA PESA

Usinunue mashine iliyozimwa. Mwambie muuzaji aiwashe, halafu fanya haya:

1. Kata duara na nyota. Angalia pale kisu kilipoanzia na kilipomalizia. Vikutane kama pete. Visipokutana, huenda ni mipangilio ya kisu tu; mwambie arekebishe ukiona. Akishindwa, aga.

2. Kata herufi za sentimita moja, kisha bandua mabaki. Kama vitobo vya "a" na "e" vinang'oka pamoja na mabaki, kuna tatizo la kisu, la nguvu au la mota.

3. Chora mstari wa mita mbili au tatu, irudishe roli mwanzo, upite tena pale pale. Mistari miwili ikiachana, magurudumu ya kubana roli hayashiki sawa. Huo ndo ugonjwa mkubwa wa plota za bei chee.

4. Geuza stika uangalie karatasi ya chini. Kisu kiache alama nyepesi kama mkwaruzo wa kucha. Kikitoboa ni kirefu mno au nguvu imezidi.

5. Kata kwa kutumia laptopu yako, sio ya muuzaji. Ya kwake imeshazoeana na mashine. Ya kwako ndiyo utakayorudi nayo Tukuyu.

Muuzaji akikwambia hana stika ya kujaribia, toa mfukoni kipande cha mita tatu. Nenda nacho.

KISU, GRAMU NA PROGRAMU

Wapo wanaobabaishwa na gramu. Stika ya kawaida haihitaji nguvu kubwa, mara nyingi gramu mia hivi zinatosha kama kisu ni kikali. Gramu nyingi zina maana ukikata vitu vigumu, kwa mfano reflekta za malori au stika nene ya kutengenezea stensili.

Kuhusu visu, kile cha digrii 45 ni cha kazi za kila siku. Cha digrii 60 ni cha stika nene na maandishi madogo. Usiondoke dukani bila visu vya akiba visivyopungua vitano, na uulize kama kishikio chake kinapokea visu vya aina ya Roland, kwa sababu hivyo vimeenea na havikusumbui kuvitafuta. Angalia pia ule ukanda mweupe ambao kisu kinapita juu yake. Kama umechimbika mifereji, mashine imeteswa.

Programu nayo inaliza watu. Plota nyingi za Kichina zilizotumika zinakuja na Artcut, programu ya zamani inayogoma kwenye kompyuta nyingi za sasa. Uliza: programu gani, inakubali Windows uliyonayo, na leseni yake ni ya nani? Kama inakuja na kifunguo cha kuchomeka kwenye USB, hakikisha unakabidhiwa mkononi. Kikipotea, programu haifunguki.

Na lile jicho la kusoma alama za kona? Ni zuri kama unapeleka stika kuchapwa Mbeya halafu unataka kuzikata kwa kufuata umbo la picha. Kama huna kazi hizo, ni pambo. Usilipie pambo.

MVUA YA TUKUYU HAINA UTANI

Sasa tuje kwenye lile ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia, kwa sababu halimuhusu. Tukuyu iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu unaingia mpaka chumbani. Karatasi ya nyuma ya stika inanyonya unyevu, inajikunja, na roli inaanza kutembea upande. Wewe unalaumu mashine, kumbe ni hewa.

Funga roli kwenye nailoni, zitundike au zisimamishe juu ya mbao, zisikae kwenye sakafu ya simenti. Mashine ifunike usiku.

Baridi nayo ni noma. Gundi ya stika za kawaida haitaki kubandikwa kwenye kitu chenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi. Asubuhi ya Juni au Julai, bodi ya Noah iliyolala nje imelowa umande na ina baridi kama jiwe la mtoni. Ukibandika hapo, jioni kona zinainuka, mteja anarudi na maneno. Subiri jua, au futa vizuri kwa kitambaa kikavu na upashe moto kwa drai ya saluni ya jirani. Dada wa saluni atakucheka, lakini kazi yako itadumu.

Halafu umeme. Ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipofikia, na stika iliyokatwa nusu ni hasara yako. Weka UPS ya kubeba laptopu na plota walau mpaka umalize kazi iliyoko mezani. Iandike kwenye bajeti ya mashine toka siku ya kwanza.

FUNDI YUKO WAPI?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mwisho. Mashine itaharibika, hilo halina ubishi. Mkanda utakatika, waya bapa utachoka, ubao wa umeme utaungua. Siku hiyo utaipeleka wapi?

Kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Ukituma kwa basi, ikarudi kwa basi, wiki imekwisha, na huna uhakika kama ilirudi salama. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jina la mashine, nenda Mbeya ukawasalimie wenye maduka ya stika. Waamkie kwa heshima, waulize wanatumia mashine gani na nani anawatengenezea. Ukiona watatu wana mashine ya aina moja na fundi wao ni mmoja, umeshapata jibu zuri kuliko tangazo lolote. Hata kama kwenye karatasi kuna mashine bora zaidi, ile inayotengenezeka Mbeya ndiyo bora kwako.

Ndiyo maana Mjapani aliyetumika, akipita vipimo vitano na ana fundi jirani, anaweza kumshinda Mchina mpya. Na Mchina mpya mwenye vipuri Mbeya anaweza kumshinda Mjapani ambaye hakuna anayemjua.

TUPIGE HESABU

Chukua mfano huu, bei weka za kwako. Tuseme una milioni tatu. Ukiitia yote kwenye mashine, siku ya ufunguzi utakuwa na plota inayong'aa na huna hata mita moja ya stika nyekundu. Gawa mafungu matatu: fungu kubwa mashine, la pili UPS, roli za rangi tano sita, tepu na visu, la tatu kodi na akiba ya matengenezo.

Tuseme umetumia milioni moja na nusu kwenye mashine, na kila siku ya kazi inakuachia 12,000 baada ya kutoa stika na tepu. Siku 24 ni 288,000. Toa kodi, umeme na nauli, tuseme 138,000. Unabaki na 150,000. Mashine imerudisha pesa yake kwa miezi kumi. Sasa ikikaa kwa fundi wiki moja kila mwezi, unapoteza siku sita, yaani 72,000, unabaki na 78,000. Miezi kumi inakuwa kumi na tisa! Umeona? Bei chee imegeuka bei ghali.

Wenye vikundi wanakumbuka mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na ikarejeshwa 2024. Haina riba, lakini marejesho yapo pale pale hata mashine ikiwa imezima. Kopa kwa kazi ulizoziona kwenye daftari, sio kwa kazi unazoziota.

USIMCHEKE MWENYE BRASHI

Kabla ya plota, vibao vya Tukuyu vilichorwa kwa mkono. Mafundi hao bado wapo, na kijana mwenye laptopu asije akajiona kamaliza dunia. Stika haishiki kwenye ukuta wenye plasta ya mchanga, wala kwenye ubao mbichi. Huko brashi ndiyo mfalme. Na mwenye brashi anajua kitu ambacho mashine haikufundishi: nafasi kati ya herufi, rangi ipi inasomeka kwenye ukungu, jina lipi lianze kuonekana na dereva aliye mbioni.

Akili ni kuungana naye. Plota inakata stensili, yeye anapaka rangi ukutani. Kazi ya siku mbili inakuwa ya nusu siku, mnagawana mapene, na mzee haachwi kwenye mataa.

Na kuna uwanja mwingine. Huu ni mji wa Tukuyu Stars, mabingwa wa Ligi ya Bara 1986. Mpira upo damuni. Plota hiyo hiyo inakata majina na namba za jezi kutoka kwenye plastiki ya kubandika kwa moto. Unakata kwa kugeuza kama kwenye kioo, halafu pasi ya kukandamiza inamalizia. Timu moja ya mtaani ni namba 18 na zaidi. Hesabu mwenyewe.

NENO LA MWISHO

Kwa kijana anayeanza Tukuyu, upana wa sentimita 60 unatosha. Sevo kama mfuko unaruhusu, stepa kama imepita vipimo vyote. UPS ni lazima. Jicho la alama za kona lisubiri. Na jina lililobandikwa ubavuni mwa mashine lije baada ya jina la fundi anayeijua. Ukiwa na fundi wawili wa kuchagua ndani ya Mbeya, lala usingizi.

Mama aliyetoa hela ya viazi hajui sevo wala stepa. Yeye anasubiri kusikia kwamba duka limefunguliwa na halijafungwa.